Kinyago na Mchongaji Wake

Methali ya Waswahili yasema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Maana yake ni nyepesi: aliyekitengeneza kitu hujua kilikotoka; alikiona kikiwa gogo, akakipa macho kwa patasi, akakipa meno kwa kisu, na kwa hiyo hakuna siri ndani yake iwezayo kumtia hofu. Methali hii hutumiwa sana kwa watu waliolelewa au kuinuliwa na wengine kisha wakajifanya wakubwa mbele ya wafadhili wao. Katika mambo ya watu ina ukweli mwingi. Katika mambo ya vinyago vyenyewe, lakini, historia ya wachongaji mashuhuri kuliko wote wa Afrika Mashariki yatoa ushahidi mwingine, nao wastahili kusikilizwa.

Wamakonde hukaa pande mbili za mto Ruvuma, katika nyanda za juu za Newala upande wa Tanzania na za Mueda upande wa Msumbiji. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alisafiri katika nchi hizo za kusini, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni hadithi ya Wamakonde juu ya asili yao. Hapo mwanzo, yasimuliwa, alikuwako mtu mmoja aliyeishi porini peke yake. Hakuoga, hakunyoa, wala hakuwa na jamaa. Siku moja alichukua mti akachonga sura ya mwanadamu, akaisimamisha penye makazi yake, akalala. Usiku ule sanamu ilipata uhai, ikawa mwanamke, naye akawa mke wake. Wakateremka mtoni wakaoga. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Wakahama, na wa pili pia akawa mfu. Walipopanda mahali pa juu, penye vichaka vizito, mtoto wa tatu aliishi, na kwake yeye kabila likaenea.

Wengi huisoma hadithi hii ili kujua sababu ya Wamakonde kupenda kukaa juu, mbali na maji, hata ikawapasa kuteremka mwendo mrefu kuyateka. Lakini ina jambo jingine lisilostahili kupitwa. Katika hadithi hii mtu hakuchonga kwa sababu alikuwa na watu wa kumtazama, wala wa kumlipa. Alichonga kabla ya kuwa na mke, mtoto, jirani au soko. Haja ya kuchonga ilitangulia vyote, na jamaa yake ilitokana na haja hiyo. Tena alichokichonga kilimzidi: alilala na mti, akaamka na mtu.

Mambo ya maisha yalikuwa karibu na hadithi. Nyumbani kwa Mmakonde uchongaji ulikuwa sehemu ya vyombo vya kila siku. Kifuniko cha kikopo cha tumbaku au cha dawa kiliweza kuwa kichwa cha mtu, chenye chale za usoni na ndonya katika mdomo wa juu. Kwa kazi ya kufunika tu, kipande chochote cha mti kingetosha. Hakuna tumbaku iliyoharibika kwa sababu kifuniko chake hakina pua. Aliyeongeza pua aliongeza kwa kuwa mkono wake haukutaka kukomea kwenye haja ya chombo. Mtu huyu alikuwa mkulima kama jirani zake, naye alishika tezo pale jembe lilipopumzika.

Mbali na nyumba, porini, mahali pa siri pasipofikiwa na wanawake wala wavulana wasiokwenda jandoni, vilichongwa vinyago vya ngoma viitwavyo mapiko. Hivyo vilitengenezwa kwa mti laini na mwepesi, maana mchezaji hana budi kuruka navyo. Lipiko la kusini ya Ruvuma hufunika kichwa kizima, na mara nyingi hubandikwa nywele za mtu kweli. La kaskazini aghalabu hufunika uso tu. Kiko pia kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti na tumbo la mja mzito, nacho huvaliwa na mwanamume. Lipiko lilipotokea uwanjani halikuhesabiwa kuwa mti wala jirani aliyejifunika. Lilikuwa mzimu uliorudi. Mvulana alitishwa nalo, kisha jandoni akafunuliwa siri yake. Hapa methali yetu inaanza kuyumba, kwa kuwa aliyefunuliwa siri hakuacha kuliheshimu, na aliyelichonga alijiunga na wengine kulipokea.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wareno walizikamilisha nguvu zao juu ya nyanda za Mueda. Kodi na kazi za kulazimishwa ziliwasukuma Wamakonde wengi kuvuka Ruvuma kuja Tanganyika, ambako walipata kazi katika mashamba ya mkonge. Wengine walifika hata Dar es Salaam, wakajenga vibanda kandokando ya mji. Huko hapakuwa na jando la kuwangoja wala uwanja wa mapiko. Palikuwa na ugeni, kibarua, na jioni ndefu. Wakachonga uani, chini ya mwembe, watoto wakicheza juu ya vumbi la mbao.

Mti wao sasa ulikuwa mpingo. Nje ni mweupe wa kimanjano, lakini moyo wake ni mweusi, mgumu, na mzito hata huzama majini. Si mti wa kuamrishwa. Una nyufa, mashimo na mapindo, na mchongaji asiyeutazama kwanza hupoteza siku nyingi bure. Hana nafasi ya kubandika alichokikata kupita kiasi. Kwa sababu hiyo wachongaji wengi huligeuza gogo mara nyingi kabla ya kulipiga tezo, wakitafuta umbo ambalo mti wenyewe utalikubali.

Wanunuzi walikuwa Wazungu na wafanyabiashara, miongoni mwao Mohamed Peera, Mhindi mwenye duka Dar es Salaam, aliyewanunulia kazi zao na kuwahimiza katika miaka ya 1950. Walichotaka wanunuzi wengi kilijulikana: mzee mwenye mkongojo, mwanamke mwenye mtungi, simba. Hapo ndipo wapo waliotoa hukumu kwamba sanaa ya Wamakonde wa mjini si sanaa bali bidhaa. Kwamba lipiko lilizaliwa na imani, na kinyago cha mpingo kilizaliwa na shilingi.

Hukumu hiyo haikosi sehemu ya kweli, lakini inashindwa kueleza jambo lililotukia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mchongaji mmoja kutoka Msumbiji, Samaki Likankoa, alitoa kinyago ambacho hakuna mnunuzi aliyekiagiza. Habari zake husimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba alikuwa akichonga mtu wa kawaida, kiungo kikavunjika. Badala ya kulitupa gogo, aliufuata mvunjiko ule, na umbo likatoka lisilokuwa la mtu: kiumbe cha porini, ambacho Wamakonde walikijua katika hadithi zao lakini hawakuwa wamekiona katika mti. Kikaitwa shetani. Peera alikipokea, na baada ya miaka michache mashetani ya kila sura yalijaa: yenye jicho moja, yenye tumbo lililo wazi, yenye mguu unaoota kichwani.

Katika miaka hiyohiyo Roberto Yakobo Sangwani, naye mhamiaji kutoka Msumbiji, alichonga mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake. Mtindo huu uliitwa dimoongo. Katika gogo moja watu walipandana, huyu akimshika yule, wa chini akimchukua wa juu, pasipo kiungo kilichoungwa kutoka nje. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu waliupa mtindo huo jina la ujamaa, nalo ndilo lililoenea. Siasa ililikuta umbo likiwa tayari, ikalipa jina.

Basi soko lilifanya nini? Lilimpa mchongaji nafasi ya kuchonga mchana kutwa badala ya jioni tu, na likampa mpingo thamani. Lakini shetani halikutoka katika fedha ya mnunuzi. Lilitoka katika mkono uliokataa kutupa gogo lililovunjika. Mfano wa baadaye ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi. Katika miaka ya 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Aliajiriwa kulinda sanaa ya wengine, akaishia kutoa ya kwake, kwanza katika mti, kisha katika rangi. Na alipofariki mwaka 2005 viumbe vyake vyenye masikio makubwa vilikuwa vimekwisha kuonekana katika mabara kadha.

Likankoa, Sangwani na Lilanga wana majina. Wengi wa waliowatangulia hawana. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya mapiko yamewekwa nyuma ya kioo, na chini yake limeandikwa jina la kabila, pengine na la aliyeyakusanya, lakini si la aliyeyachonga. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata likanunuliwa Paris, na hatimaye mwaka 2010 jumba la Barbier-Mueller la Geneva likalirudisha nchini. Nchi mbili na wanasheria walishughulika kwa ajili ya kipande hicho cha mti. Mtu aliyekaa peke yake porini akakitoa katika gogo hakuweza kutajwa katika shughuli hiyo, na hapo ndipo penye hasara ambayo marejesho hayailipi.

Leo wachongaji hukaa pamoja mahali kama Mwenge, Dar es Salaam. Mpingo mkubwa umeadimika, na mti huo hukua polepole kuliko haraka ya wanunuzi. Vinyago vingi vinafanana, na si haki kumlaumu baba anayechonga simba mia ili watoto wasome. Lakini katika uwanja huohuo hupatikana mtu aliyeweka kando gogo lenye ufa ambalo hana mnunuzi wake, akilitazama jioni baada ya simba wa siku kumalizika. Huyo ndiye mrithi wa yule mtu wa porini.

Methali yasema kweli kwa kinyago ambacho mchongaji alikijua chote kabla ya kukianza. Kinyago cha namna hiyo hakimtishi, wala hakimfundishi. Kile kinachodumu ni kile kilichomshangaza mwenyewe alipoweka tezo chini.