ABAP Objects

ABAP Objects ni sehemu ya lugha ya programu ABAP inayotumia madarasa na vitu. ABAP iliundwa na SAP, kampuni ya Ujerumani, kwa ajili ya programu za biashara. Sehemu hii iliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Dhana za msingi

Tuchukue mfano wa programu ya kituo cha kununulia karafuu kisiwani Pemba.

- Darasa ni kiolezo cha vitu vya aina moja. Darasa Mzigo hutaja sifa (mkulima, uzito) na mbinu (kupima, kukokotoa malipo).
- Kitu huundwa kutokana na darasa: kila gunia linalofika kwenye mizani huwa kitu kimoja.
- Ufichaji: uzito ukiwekwa katika sehemu ya faragha, hubadilishwa na mbinu za darasa lenyewe tu, au za madarasa yaliyotangazwa kuwa rafiki zake. Hivyo sehemu nyingine za programu haziwezi kumpunguzia mkulima kilo zilizokwisha kupimwa.
- Urithi: Karafuu na Makonyo (vikonyo vya karafuu) hurithi sifa za Mzigo. Darasa la ABAP lina mzazi mmoja tu, lakini laweza kutekeleza violesura vingi.
- Maumbo mengi: amri ileile ya kukokotoa malipo hufanya kazi tofauti. Karafuu huangalia uzito na daraja, Makonyo uzito pekee.