Samaki wa Gogo, na samaki wa ziwa letu

 Huku Sauzi baridi tu ndiyo inanionea. Nimekuwa kimya kwa sababu ya zamu za usiku, na pia kwa sababu nimefiwa. Msishtuke jamani! Nimefiwa na samaki.

Mnakumbuka niliwaambia nimepanga chumba kwa bibi mmoja hapa Alexandra, sote uani tunamwita Gogo. (Gogo kwa Kizulu ni bibi, msije mkadhani ni gogo la mti.) Marehemu mumewe alimwachia tangi la kioo sebuleni, la lita 120, lenye majani halisi yaliyoota mchangani na samaki wadogo wa rangi mbalimbali wanaoishi pamoja. Gogo macho yamepungua, kwa hiyo kuwalisha na kubadilisha maji ni kazi yangu. Sasa Julai umeme ukakatika siku mbili, baridi kali, nami niko kazini usiku zote mbili. Narudi, pampu kimya, maji kama ya friji, samaki wanaelea. Walibaki konokono tu. Gogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee angeniuliza nimewafanya nini samaki wake." Afadhali angenigombeza.

Baadaye akanipa pesa. "Nenda kanunue wengine, chagua mwenyewe. Wewe si mtoto wa ziwa? Unajua samaki."

Hapo nilicheka peke yangu. Sisi watu wa ziwa hatukuchagua samaki, tulichaguliwa! Nimekaa na jambo hilo wiki nzima, nikasoma nilichoweza kusoma baada ya zamu, na leo nataka niwasimulie, hasa nyie wadogo zangu mnaodhani sangara alikuwepo tangu enzi.

Zamani ziwani kwetu mfalme alikuwa ngege. Mwaka 1905 nyavu za makila zikaingia ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, na ngege akaanza kupungua. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu, Michael Graham, aliyezunguka ziwa 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilishauri nyavu za matundu makubwa. Pia alionya kwamba kumleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ni hatari kubwa, labda kwanza ufanyike utafiti wa kina. Yaani onyo lilikuwepo miaka 25 kabla!

Miaka ya 1950 wakaleta sato na jamaa zake kuziba pengo la ngege. Naam, sato huyuhuyu tunayemwita wa kwetu ni mhamiaji. Halafu wakawaangalia furu. Furu walikuwa mamia ya aina, wadogo, wenye miiba, na kwa macho ya maofisa walikuwa takataka. Hoja yao ilikuwa rahisi: tumlete mkubwa awale hawa takataka, awageuze minofu, na wazungu wapate wa kuvua kwa ndoano siku za mapumziko. Mwanasayansi Geoffrey Fryer akaandika mwaka 1960 kupinga. Alisema ukimlisha samaki mmoja mkubwa samaki wadogo wengi, chakula kingi kinapotea njiani, kwa hiyo hutapata zaidi, utapata pungufu. Lakini alikuwa amechelewa. Mtafiti Robert Pringle alionyesha mwaka 2005 kwamba maofisa wa Uganda walikwisha kumwaga sangara kimyakimya tangu 1954, karibu na Jinja. Mwaka 1962 na 1963 wakamwagwa rasmi, Entebbe na Kisumu. Walimwagwa upande wa Uganda na Kenya, ila samaki haulizwi pasipoti.

Kilichonishangaza ni ule ukimya uliofuata. Karibu miaka 20 hakuna kishindo. Utafiti wa nyavu za kukokota wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulikuta furu bado ni kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Mtu angeweza kusema mmeona, hakuna madhara. Sisi wauguzi tunaujua ukimya huo, ugonjwa unapokuwa tayari mwilini na mgonjwa anasema hajambo. Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kuwachunguza furu ghuba ya Mwanza. Walikuja kuhesabu aina, wakaishia kuhesabu misiba. Katikati ya miaka ya 1980 sangara alilipuka ghubani, na furu wakawa chini ya asilimia moja. Inakadiriwa aina kama 200 zilitoweka, ingawa wataalamu bado wanabishana idadi, maana nyingi zilikuwa hazijapewa hata jina.

Babu anasema mwanzoni watu walimuogopa sangara kwa mafuta yake. Furu unamwanika juani akakauka, sangara ukimwanika anaoza. Ikabidi wamkaange na kumkausha kwa moshi, na miti ya visiwani ikaisha. Bibi ndiye aliyeumia zaidi. Biashara yake ilikuwa furu wakavu, fungu kwa fungu, na hakuhitaji mtaji. Sangara alihitaji nyavu kubwa, barafu, injini na gari la kiwanda. Bibi hakuwa na chochote katika hivyo.

Lakini Baba alikuwa navyo, au alivikopa. Hapa ndipo ninapokwama kila nikitaka kumlaumu sangara. Ada yangu ya sekondari ilikuwa sangara. Digrii yangu ya uuguzi ilikuwa sangara, mpaka mwaka ule alipopungua na Baba akauza injini nimalizie mwaka wa mwisho. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu, nami nikapanda ndege kuja huku. Nimewahi kusikia watu wa huku waliotazama filamu ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, wakitusikitikia. Mimi huwa nakosa la kusema. Bibi alipoteza biashara na mjukuu wake akapata shahada, kwa samaki yuleyule.

Wala sangara hakufanya yote peke yake, tuseme ukweli. Mbolea, kinyesi na udongo wa mashamba viliingia ziwani, mwani ukaongezeka, maji yakawa tope. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 jambo lililonigusa sana: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka haoni rangi. Basi aina zinachanganyikana hadi zinapotea bila hata kuliwa.

Haya, turudi Alex. Nilikwenda duka moja la samaki wa mapambo mjini, na orodha yangu kichwani. Tangi la majani halitaki mchimbaji, atayang'oa. Halitaki mkubwa mwenye mdomo mpana, kwa sababu kanuni ya samaki ni ileile ziwani na sebuleni: kinachoingia mdomoni ni chakula. Nikamuuliza kijana wa duka, huyu akikua anafika wapi? Swali hilo nadhani Entebbe halikuulizwa vya kutosha. Sangara anaweza kufika kilo 200.

Nikageuka, na kwenye tangi la kona nikamwona. Urefu kama kidole, mgongo mwekundu wa moto, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Kwenye karatasi wameandika Pundamilia nyererei. Jamani, nilisimama kama nimegongwa! Furu wa ghuba ya Mwanza, akiwa Johannesburg, na jina la Mwalimu! Nimesoma baadaye kwamba alipewa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima yake, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka. Na hilo "Pundamilia" ni Kiswahili chetu kabisa, kwa ajili ya ile mistari. Bei ya huyo mmoja ningenunua kilo kadhaa za sangara. Takataka ya mwaka 1954, mnaona?

Na si yeye peke yake. Tangu miaka ya 1990 bustani za wanyama za Marekani zimekuwa zikizalisha furu kadhaa kwenye matangi ili wasipotee. Ziwani nako baadhi ya aina zimerudi kidogo, baada ya sangara kuvuliwa sana.

Nilitaka kumnunua. Nilishatoa pochi. Lakini dume lake ni mgomvi, anahitaji majike kadhaa na tangi kubwa kuliko letu, tena la mawe, si majani. Ningemweka kwa Gogo kwa sababu ya hamu yangu ya nyumbani, na wengine ndio wangelipa. Nikamrudishia kijana kikapu.

Gapi nao nikawaacha, ingawa ndio rahisi. Wanazaana mno, na vijana wa uani wamekwisha kuniambia wakizidi watanisaidia kuwamwaga mto Jukskei. Mto huo unapita hapahapa Alex, unaingia mto Crocodile, kisha bwawa la Hartbeespoort, kisha Limpopo, mpaka Msumbiji. Na mnajua nani anasumbua Limpopo? Sato! Ameletwa huko pia, na anazaliana na perege wa asili wa Msumbiji mpaka wale wa asili sasa wako hatarini. Nilipowaeleza wenzangu wodini, mmoja akatania, "Basi na wewe ndiye sato wetu." Sikucheka. Vurugu za Mei 2008, waliposakwa wageni na kuuawa watu zaidi ya 60 nchi nzima, zilianzia hapa Alex. Mtu si samaki, nikamwambia, na Alex yenyewe tangu 1912 ni mji wa waliotoka kwingine. Akaomba radhi, yakaisha.

Mwisho nilichagua neoni tetra 12 na koridorasi 6. Wote wadogo, wapole, hawang'oi majani, na si rahisi kuzaana kwenye tangi kama letu. Wako kwenye beseni la karantini chumbani kwangu, wiki tatu, maana mgonjwa mpya haingii wodini bila kupimwa. Maji ya bomba ya huku yana kloramini, hiyo haitoki kwa kuyaacha usiku kucha kama tulivyozoea na klorini, lazima dawa. Na nyie mnaofuga, msitie mkono wenye kidonda kwenye tangi. Kuna bakteria wa ukoo wa kifua kikuu humo, anaacha vivimbe vya miezi. Nimenunua pia pampu ya betri.

Gogo kila jioni anagonga mlango, "Wamebakiza siku ngapi?" Jumapili ijayo nawahamisha.

Baba, picha ya yule mwekundu umeipata. Uliniuliza analiwa, ndiyo, ni furu. Ila mpelekee Babu simu aitazame, anitajie jina walilomwita wao. Dukani hawakujua jina jingine zaidi ya la Mwalimu.