Kipande kilichotoka shingoni kikaingia kwenye simu

Jumamosi moja mimi na mpwa wangu tulisimama Kikopey, kama wasimamavyo wasafiri wengi wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Wanaume waliovaa makoti meupe walitupungia mikono kutoka kando ya lami. Tukachagua mbavu za mbuzi, zikapimwa, zikawekwa juu ya makaa, tukakaa kusubiri. Mpwa wangu hakujali moshi wala harufu yake. Alikuwa ameinamia simu.

"Mjomba," akaniuliza, "mimi ni mtu wa kupenda watu au wa kukaa peke yangu nikiwaza?"

Nikamwambia ni yote mawili, inategemea siku. Akasema jibu hilo halina nafasi.

Ilikuwa hatua ya tano ya kuomba kazi ya karani wa ghala. Alikwisha kutuma barua na vyeti, akajaza upya kwenye fomu mambo yale yale yaliyomo kwenye vyeti, akafanya mtihani wa hesabu, akajirekodi video akijieleza mbele ya kamera isiyo na mtu nyuma yake. Sasa alikuwa anapimwa tabia, na saa inahesabu pembeni ya kioo. Ametarmaki akitafuta kazi miaka mitatu tangu amalize chuo. Mara tatu alifika hatua kama hii, na mara zote hakuandikiwa hata neno la kumwambia amekosa.

Naandika haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya mahali tulipokuwa tumekaa. Ardhi ile imemjua tangu zamani mwajiri anayetaka kuijua roho ya mtu kabla hajamlipa mshahara.

Hata lugha yetu inakumbuka. Kibarua ni barua ndogo: karatasi aliyopewa mfanyakazi wa siku huko pwani, ya kuonyesha kwamba amefanya kazi anastahili malipo. Jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Kwenye mashamba ya walowezi bara, mfanyakazi alipewa tikiti ya siku thelathini za kazi, na kila siku iliyotimizwa ikatiwa alama. Karatasi hizo zilihesabu jasho, basi. Iliyokuja baadaye ilimhesabu mtu.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia kazini na ya kutoka. Ilikunjwa ndani ya kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Kuacha kazi bila ya mwajiri kutia sahihi lilikuwa kosa la jinai, na alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zilimfuata mtoro popote. Mshahara ulioandikwa humo nao ulikuwa kitanzi, kwa kuwa mwajiri mpya aliuona wa zamani na hakuwa na sababu ya kuuzidisha.

Watumishi wa nyumbani walikuwa na kijitabu chao, kilichowekewa sheria katika miaka ya 1920, na humo mwajiri aliandika maoni yake juu ya tabia. Mpishi asiyejua Kiingereza aliubeba mfukoni mwake uamuzi juu ya nafsi yake, akaupeleka kwa miguu yake mwenyewe hadi mlango wa pili, bila kujua umesema nini.

Kikopey yenyewe imepata jina kutokana na shamba la mifugo la mlowezi Galbraith Cole, shemeji ya mlowezi mwenzake Lord Delamere, karibu na Ziwa Elmenteita. Mwaka 1911 Cole alifukuzwa nchini baada ya kumpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo wake. Baraza la wazungu wenzake lilikuwa limemwachilia mahakamani. Miaka michache baadaye alirudi kwenye shamba lake. Mchungaji aliyekwenda kuomba kazi Elmenteita alichunguzwa mpaka vidole, lakini hapakuwa na karatasi ya kumweleza mchungaji huyo tabia ya anayemwajiri.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikusanya umati dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo waliokuja kudai aachiliwe walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kitambulisho kwa watu wa rangi zote, na hapo ndipo walowezi walipopaza sauti: kutoa alama za vidole ni kudhalilishwa! Serikali ikamteua Sir Bertrand Glancy kuchunguza, na mwaka 1950 akapendekeza kwamba baadhi ya watu waruhusiwe kutumia sahihi na picha badala ya vidole. Karibu miaka thelathini Waafrika walikuwa wamesema neno hilo hilo la kudhalilishwa. Naona uchungu kila nikikumbuka ni midomo ya nani iliyosikilizwa.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 ina kifungu ambacho wachache hukisoma, cha 51. Mfanyakazi anayeondoka lazima apewe cheti cha utumishi: alifanya kazi gani, wapi, kuanzia lini hadi lini. Cheti hicho hakihitaji kusema neno juu ya tabia, na sheria inaeleza wazi kwamba mwajiri halazimiki kuandika sifa za mfanyakazi. Kwangu mimi, hapo ndipo kipande kilipozikwa kisheria. Kisha vikaja vyeti vingine: cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha kodi kutoka KRA, cha mkopo wa masomo kutoka HELB, cha maadili kutoka EACC, na cha historia ya mikopo. Kijana asiye na kazi alilipia uthibitisho kwamba anastahili kuitwa, kabla hajaitwa. Marekebisho ya mwaka 2022 yalisema vyeti hivyo vidaiwe kwa yule tu ambaye mwajiri anakusudia kumwandika.

Dodoso la tabia, kama lile alilokuwa akijaza mpwa wangu, lilitoka mbali. Robert Woodworth alilitunga Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maswali ya ndiyo na hapana ya kuwatambua wanajeshi ambao akili zao zingevunjika kwa mizinga. Vita viliisha kabla halijatumika ipasavyo. Lile maarufu la herufi nne lilitungwa na Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, ambao hawakuwa na mafunzo rasmi ya saikolojia. Wachapishaji wake wenyewe wanasema lisitumiwe kuchagua wa kuajiriwa.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye kulitabiri ufanisi wake vizuri kuliko dodoso la tabia. Nilimtazama mchomaji wetu akigeuza mbavu, akipunguza makaa upande mmoja, akizigusa kwa ncha ya kisu. Sikuhitaji kumuuliza kama anapenda sherehe.

Nyama ilipofika, simu ilikuwa imeandika kwamba majibu yamepokewa. Nikamweleza mpwa wangu habari ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: ana haki ya kuona habari zake zinazohifadhiwa na mtu mwingine, na ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Yule mpishi wa zamani angalau alikishika kijitabu chake mkononi. Huyu hajapata kuona hata ukurasa.

Aliosha mikono, akala haraka. Tulipopita Mbaruk alikuwa bado anawaandikia waajiri barua, sentensi moja akiifuta na kuianza upya: naomba kuona mlichoandika juu yangu.