Wageni wa Mwinyi Kheri: Historia Fupi ya Misheni ya Ujiji

Makanisa ya Gungu hujaa kila Jumapili, lakini ukifuatilia nasaba zake utapata shida kufika kwa misheni iliyotangulia zote kwenye Ziwa Tanganyika. Wakatoliki wa Kigoma ni matunda ya Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, na jimbo lao lilisimikwa mwaka 1953. Waanglikana wa Buha walilelewa zaidi na wamisionari kutoka Australia. Dayosisi yao ya Western Tanganyika ilizaliwa mwaka 1966, makao yakiwa Kasulu, na askofu wake wa kwanza akawa Musa Kahurananga. Waliotangulia wote, yaani watu wa London Missionary Society, walifika Ujiji mwaka 1878, wakakaa miaka michache, wakahamia kwingine bila kuacha kanisa mjini. Ndiyo maana historia yao huandikwa kama orodha ya makaburi, na Ujiji huchorwa kama pango la wafanyabiashara wa watumwa lililowashinda. Naona maelezo hayo yameshika mkia yakaacha kichwa. Jambo la kukumbukwa katika misheni ile ni kwamba mji wa Waislamu, uliokuwa na kila sababu ya kuwashuku Wakristo hao, uliwapa mahali pa kulala, ukawauzia chakula na mashua, ukawaacha waishi. Historia ya taasisi hiyo, kwa miaka yake ya mwanzo, ni historia ya wenyeji wake kuliko ilivyo historia ya wahubiri wake.

Tuanze na fedha. Tajiri wa Leeds, Robert Arthington, aliiahidi London Missionary Society paundi 5,000 ili Injili ipelekwe kwenye ziwa ambalo Ulaya ililijua kwa safari za Burton, Livingstone na Stanley. Msafara uliondoka pwani mwaka 1877 ukiongozwa na Roger Price, aliyeamini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani yangewaondolea gharama ya wapagazi. Ndorobo waliwamaliza ng'ombe, Price akarudi London, na waliobaki wakasonga mbele kwa mabega ya wapagazi kama kila mfanyabiashara wa njia ile. Tarehe 23 Agosti 1878 waliingia Ujiji watatu: John Boden Thomson, aliyekuwa amefanya kazi Inyati kwa Wandebele, Edward Coode Hore, nahodha wa meli, na Walter Hutley, fundi. Thomson alifariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja mjini. Arthur Dodgshun, aliyechelewa njiani kwa misukosuko mingi, aliwasili mwishoni mwa Machi 1879 na akafa baada ya wiki moja. Dk. Joseph Mullens, katibu wa chama mwenyewe, alitoka London kuja kuinusuru misheni, akafia njiani karibu na Mpwapwa mwezi Julai mwaka huohuo. Wote watatu waliondolewa na maradhi. Hakuna aliyeuawa kwa mkono wa mtu wa Ujiji, na hilo wasimulizi wa makaburi hulipita haraka mno.

Ujiji waliyoikuta ilikuwa na utaratibu wake. Mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyeoa binti wa mtawala wa Wajiji na kujijengea heshima kwa ndoa na kwa biashara, miaka kadhaa kabla ya kuitambua rasmi bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sokoni fedha ilikuwa shanga. Zilizotumika sana ni sofi, shanga ndefu zenye tundu ambazo macho ya mgeni yangezidhania vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asiyekuwa nazo angeweza kumiliki mzigo mzima wa nguo nzuri na bado akalala njaa. Wamisionari wakajifunza kuhesabu sofi kabla hawajajifunza kuhubiri. Hore alipohitaji chombo cha kuzungukia ziwa hakungoja meli ya London. Alichukua mashua ya pale pale, ya gogo kubwa kama yale yaliyochongwa Ugoma ng'ambo ya pili, akaifunga tanga na kuiita Calabash. Ndani yake, akiwa na mabaharia wa Ujiji wanaoujua upepo wa ziwa, alifika mto Lukuga mwaka 1879 na kuona maji yakitoka kwa nguvu kuelekea magharibi. Ubishi wa wasafiri Cameron na Stanley, kama Lukuga ni njia ya kutokea maji au la, ulimalizwa hivyo. Konokono aliowakusanya ufuoni walipofika London waliwashangaza wataalamu kwa kufanana na wa baharini, na mjadala wa asili ya ziwa hili ukawaka kwa miongo kadhaa. Kwa taasisi iliyokuja kuokoa roho, haya si mavuno madogo, nayo yalivunwa kwa mashua na mikono ya mji.

Mtu atauliza: ukarimu gani huo, ikiwa wamisionari walipotaka kiwanja Kigoma, kwenye bandari nzuri kuliko Ujiji, wafanyabiashara waliwapinga mpaka jambo likakwama? Ni kweli walipinga, na hawakupinga bila sababu. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Waingereza waliotokea Ujiji miaka miwili baadaye wakitafuta bandari yao wenyewe wangeonekanaje? Mji ulitofautisha mgeni na mwenye ardhi: ulimkubali wa kwanza, ukamkatalia wa pili. Ukitazama yaliyofuata, pale Wajerumani walipoifanya Kigoma kituo chao cha ziwa na kufikisha reli mwaka 1914, ni vigumu kusema wazee wale hawakuona mbali.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba usalama wa wamisionari ulitokana na barua za Barghash na kivuli cha Konseli wa Uingereza, John Kirk, si na moyo wa mtu. Barua zilikuwepo, na zilisaidia. Lakini Zanzibar ilikuwa mwendo wa miezi, na Ujiji ilizoea kuitii Zanzibar pale tu ilipoona faida. Hore na Hutley walibaki mjini kwa vipindi virefu bila askari. Linganisha na Rumonge, kwenye ufuo wa Burundi ya leo: tarehe 4 Mei 1881 Mapadre Weupe Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa huko katika ugomvi uliotokana na kijana waliyekuwa wakimlea. Misheni iliyojitenga na miji ya biashara haikupata amani kwa sababu hiyo tu. Na kama Mwinyi Kheri aliwavumilia Wazungu kwa hesabu za biashara, sioni inapunguza nini. Amani ya mji wa bandari mara nyingi hutunzwa na watu wanaojua watakuwa na haja ya kununua na kuuza tena kesho.

Hapa inabidi mwandishi ajichunge, maana kuusifu mji usiwe kufuta minyororo. Watumwa walivushwa ziwa na kupita Ujiji, wamisionari waliwaona, na shajara ya Hutley inathibitisha kwamba yeye na wenzake waliishi na jambo hilo mlangoni. Mji huohuo ulikuwa mwenyeji mwema kwa Hutley na mahali pa mateso kwa Mmanyema aliyefungwa kongwa. Kumbukumbu inayobeba ukweli mmoja tu kati ya hiyo miwili haina haja ya kuandikwa.

Familia ya Hore ilikuja mwishoni. Hore alimwoa Annie Boyle mwaka 1881 akiwa likizoni Uingereza, na mtoto wao Jack akazaliwa mwaka uliofuata. Baada ya majaribio yaliyoshindikana, Annie alisafiri kutoka pwani mwaka 1884 akiwa ameketi katika kiti cha wagonjwa chenye magurudumu, aina ile inayosukumwa kwenye bustani za Uingereza. Katika vijia vya Ugogo na Unyamwezi magurudumu hayakufaa kitu. Kiti kilifungwa miti na kubebwa mabegani, mama na mtoto ndani, kwa siku 90 na takriban kilomita 1,300. Annie aliandika kitabu kuhusu safari hiyo na kiti kikapata umaarufu. Waliokibeba hawakupata. Boti ya chuma, Morning Star, ilikuwa imefika Ujiji vipande vipande mwaka 1883 kwa nguvu za wapagazi vilevile, na meli ya mvuke Good News ililetwa kwa njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa, ikashushwa majini kusini mwa ziwa mwaka 1885. Familia haikukaa Ujiji. Ilikwenda kisiwa cha Kavala, upande wa Kongo, ambako Annie alifundisha wasichana. Walirudi Uingereza mwaka 1888, na Jack akafariki mwaka uliofuata. Alfred Swann, aliyejiunga na misheni mwaka 1882, alibaki ziwani, akajifunza Kiswahili na kuzoeana na wafanyabiashara wakubwa Tippu Tip na Rumaliza, wakati kazi ya chama ikihamia kusini, Niamkolo na Kawimbe, katika Zambia ya leo.

Anayesema misheni ya Ujiji haikuzaa kitu kwa imani ana haki kiasi, akihesabu ubatizo. Imani ilishika mizizi pale ambapo familia haikuwa na kwao pa kurudi. Karema, kusini zaidi kwenye ufuo wetu, Mapadre Weupe walirithi ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, na mwishoni mwa muongo huo akaja Adrian Atiman, mtu wa bonde la Niger aliyetekwa utotoni, akakombolewa na mapadre na kusomeshwa uganga Malta. Alioa binti wa chifu wa Kibende, akatibu wagonjwa na kufundisha katekisimu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, na mtoto wao akawa padre. Miaka kumi ya akina Hore si kitu mbele ya hiyo. Lakini Atiman alianza kazi chini ya ngome, kwenye eneo lililotawaliwa na mapadre wenyewe. Kazi ya Ujiji ilikuwa ya aina nyingine: kuishi bila mamlaka katika mji wa imani nyingine, kwa ruhusa ya mji. Agosti 2028 itatimia miaka 150, na kama patawekwa kibao, jina la Mwinyi Kheri liandikwe humo sambamba na la Thomson na la Dodgshun, na chini yake watajwe wapagazi na mabaharia, ingawa majina yao mengi hayakuandikwa na mtu.