Gazeti Lililoitwa "Amsha Wengine"

Wababa na wamama mliokimbia vijiji vyenu, nanyi mashefu wa lokalite, leo tuongee juu ya gazeti. Mtasema: sisi tunatafuta unga na chumvi, gazeti la nini? Subirini kidogo.

Jirani zetu wa Rwanda wana gazeti la lugha yao tangu mwaka 1933. Ni Kinyamateka, la Kanisa Katoliki. Chini ya padri André Sibomana lilithubutu kuwakosoa wakubwa. Mwaka 1990 yeye na wenzake walishitakiwa, wakaachiliwa. Kwa hiyo lugha ya Kinyarwanda yenyewe haikuwa na kosa.

Mwaka huohuo, mwezi wa 5, likatoka gazeti lingine, Kangura, maana yake "amsha wengine". Mhariri wake aliitwa Hassan Ngeze. Mwezi wa 12 lilichapisha zile "Amri Kumi za Wahutu". Angalieni ujanja wake. Mwandishi alichukua sura ya amri kumi, ambazo kila Mkristo anazijua tangu utoto, akazijaza mambo yake: Mhutu anayeoa Mtutsi ni msaliti, anayefanya naye biashara ni msaliti, na huruma ikome. Mimi naona sumu kubwa iko hapo kuliko katika matusi. Amri zile zilimwinda kwanza Mhutu mwenye moyo mwema, yule mwenye shemeji Mtutsi.

Matusi nayo yalikuwepo. Mtu aliitwa mende, na mwaka 1993 likaandika kwamba mende hawezi kuzaa kipepeo. Yaani hata mtoto mchanga ameshahukumiwa. Mwezi wa 11 mwaka 1991 liliweka panga kwenye ukurasa wa kwanza, na kando yake swali: tutumie silaha gani? Swali tu! Aliyeandika anaweza kusema hakuamuru kitu.

Mwezi wa 3 mwaka 1994, Kangura na redio RTLM walifanya mashindano. Majibu yalitafutwa katika matoleo ya zamani ya gazeti, basi watu wakayasoma upya. Mwezi uliofuata mauaji yakaanza. Mwezi wa 7 tuliona wenyewe umati ulioingia Goma.

Mahakama ya Arusha ilimhukumu Ngeze mwaka 2003 pamoja na watu wawili wa redio ile. Katika rufaa ya mwaka 2007 alibakiwa na miaka 35.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa 7 mwaka 2013 Kamango iliposhambuliwa, makumi ya maelfu walivuka kwenda Bundibugyo. Mtu aliyelala Bubukwanga bila shamba wala sufuria, masikio yake yako wazi kwa yeyote anayesema: ni kabila fulani lililotuuza. Siku hizi hahitaji hata gazeti. Sauti inapita kwa simu.

Shefu, ukiletewa karatasi au sauti kama hiyo, uliza kabla ya kuipitisha. Imemtaja mtu na tendo lake, au kabila zima? Siku gani, kijiji gani, nani aliona? Na aliyeitunga ameweka jina lake? Kama hakuna jibu, ibaki mkononi mwako, na umwite aliyeileta mbele ya wazee wa pande zote mbili.