Matongo ya Reli

Tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa, na Tongoni imelipata jina lake kwa haki. Kusini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani, yamesimama magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya matumbawe na chokaa. Mbele yake ni mikoko, na katika mafungu ya bahari hii ndiko Vasco da Gama alikoiteketeza merikebu yake São Rafael mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Wageni husimama hapo wakaielekea bahari. Mimi huvutwa zaidi na upande wa bara, kwa kuwa huko kuna matongo mengine yasiyo na kibao wala mlinzi: njia ndogo za reli.

Reli kubwa ya Tanga historia yake inajulikana. Wajerumani walianza kuijenga 1893. Mwaka uliofuata ilifika Pongwe, 1896 ikafika Muheza, na hapo kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911: kilomita 352 kwa miaka 18. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha maelfu ya wanajeshi kutoka India kwenye ufuo wa Tanga, treni ndizo zilizowateremsha upesi askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kutoka Moshi, na wavamizi wakarudi majini wameshindwa.

Upana wa reli hiyo, kutoka chuma hadi chuma, ni mita moja. Lakini haikuwa peke yake. Karibu na Muheza, pale Tengeni, ilichepuka njia nyingine yenye upana wa sentimita 75, ikapanda kilomita kama 23 hadi Sigi, chini ya Amani, kuteremsha magogo ya msitu wa Usambara Mashariki. Na katika mashamba ya mkonge zilitandazwa reli nyembamba kuliko zote, sentimita 60 tu. Hizi za mwisho ndizo zilizoibeba Tanga, na ndizo zilizosahauliwa.

Sababu ya kuwepo kwake ni mkonge wenyewe. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji. Ukikata kilo 100 za majani, singa utakazopata hazizidi sana kilo nne au tano. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halingojwi, likikauka singa zake hazikwanguki vizuri. Kwa hiyo kila siku milima ya majani ilipaswa kutoka shambani hadi kwenye korona, mtambo wa kukwangulia, nao ulijengwa penye maji mengi, si penye mkonge. Fikiria shamba la maelfu ya ekari, udongo unaotitia masika, halafu ukadirie mabega ya manamba waliotoka Kigoma, Njombe na Msumbiji. Bila reli kazi hiyo isingewezekana.

Reli za sentimita 60 zilikuwa na sifa moja kubwa: zilihamishika. Vipande vilikuja vimeshafungwa na mataruma yake ya chuma, wanaume wachache wakakinyanyua kimoja na kukilaza kwingine. Kampuni ya Orenstein & Koppel ya Berlin ilijipatia jina duniani kwa reli za namna hii. Vita vile vya 1914 vilipopamba moto, Wajerumani walizikusanya kutoka mashambani, wakatandaza njia kutoka Mombo kwenda Handeni ili kupeleka shehena upande wa reli ya kati. Mabehewa yake yalisukumwa na watu. Sioni kitabu cha vita kinachowapa wasukumaji hao nafasi wanayostahili.

Baadaye mashambani zikaja injini za dizeli. Kichwa cha mvuke huamshwa alfajiri, kilishwe kuni au makaa na kunyweshwa maji, kingojewe mpaka kichemke. Cha dizeli dereva anakiwasha na kuondoka, wala hakirushi cheche kwenye nyasi kavu. Kwetu kila gari dogo la injini lipitalo juu ya reli ni kiberenge, na jina hilo linatosha kabisa.

Ujerumani nako walikuwa na viberenge vyao. Njia za vijijini zilikuwa na abiria wachache, na treni ya mvuke yenye dereva na mchochea moto ilikula fedha kuliko nauli. Kuanzia 1932 kiwanda cha Wismar kikaunda basi la reli lenye injini mbele na nyuma, kila upande na pua yake, dereva akitumia ile inayoelekea aendako. Miaka ya 1950 yakafuata mabasi ya dizeli ya Uerdingen, yaliyoenea kwa mamia. Njia nyingi kati ya hizo zimefungwa, ila magari yenyewe yanaishi mezani. Wapenzi wa reli wanayaunda upya kwa kipimo cha moja kwa 87, hadi ribiti na rangi ya kiti. Kila upana una reli yake: njia ya mita moja inakuwa milimita 12, ya sentimita 75 inakuwa tisa, ya sentimita 60 sita na nusu. Hizo ni Tanga, Sigi na shamba la mkonge, zote tatu.

Nauheshimu uangalifu huo, na nauonea wivu, kwa kuwa reli zetu za mkonge hazikuupata. Miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nyuzi za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, mengine yakarudi kuwa pori. Trekta zikashika kazi ya viberenge na vyuma vikaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Reli kubwa angalau imefufuka: treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, Arusha mwaka uliofuata. Ndogo hazikurudi.

Huko Sigi nyumba ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani bado ipo. Imekarabatiwa kuwa kituo cha wageni wa hifadhi ya Amani, wanaokuja kuona ndege na vipepeo. Nje hakuna reli. Nimepiga hesabu: njia yote ya Sigi kwa kipimo cha moja kwa 87 ingekuwa mita 264, na sina chumba hicho. Lakini watoto wa Tanga wanaunda magari kwa waya na makopo bila kufundishwa na mtu. Meza moja inatosha kuweka nyumba ile, milimita tisa za reli mlangoni pake, na behewa moja la magogo likisubiri kuteremka Tengeni.