Kushusha Rimu za Gari la Familia Jijini Mwanza

Kushusha rimu ni kuvua rimu ambazo gari lilikuja nazo na kufunga nyingine zenye kipenyo kidogo, pamoja na matairi yanayozifaa. Jijini Mwanza na katika miji mingine ya mwambao wa Ziwa Victoria, kazi hii huwahusu zaidi wenye magari ya familia yaliyotumika Japani: Toyota Noah, Alphard, Wish, Harrier na mengine ya aina hiyo. Matoleo ya kifahari ya magari hayo huingia nchini na rimu za aloi za inchi 16, 17 au hata 18, zilizovikwa matairi ya ubavu mfupi. Matairi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya lami iliyonyooka, na hukutana na mazingira tofauti kabisa yanapofika kwenye vilima vya Mwanza.

Mawe na barabara

Jiji limejengwa juu ya miamba. Bugando, Isamilo na Capri Point ni vilima vya mawe vinavyoshuka hadi ziwani, na nyumba zimepanda hadi kwenye miinuko ambayo gari hufika kwa taabu. Barabara kubwa, yaani Kenyatta, Nyerere na Makongoro, zina lami, kama ilivyo barabara kuu ya kwenda Musoma na Sirari. Shida huanza pale dereva anapoacha lami kuelekea nyumbani. Barabara za mitaa, zilizo chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017, nyingi ni za changarawe au udongo, na baadhi ya zile za milimani zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa. Mvua za masika na za vuli huosha changarawe, na yanayobaki ni mawe yenye ncha, mifereji inayokatiza njia na kingo za lami zilizomeguka.

Tairi la ubavu mfupi likigonga ukingo wa shimo, ubavu hubanwa kati ya jiwe na mdomo wa rimu. Nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache nundu hutokeza ubavuni. Tairi la namna hiyo halitibiki na linaweza kupasuka wakati wowote. Rimu nayo hupinda, au kama ni ya aloi, hupata ufa na kuanza kuvuja upepo polepole. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa kwa nyundo. Ya aloi iliyopata ufa ikichomelewa, nguvu yake ya awali hairudi, na kuifunga tena kwenye gari linalobeba watoto ni hatari ambayo bei ya rimu nyingine haiihalalishi.

Namba za ubavuni

Kinachotafutwa hasa katika kushusha rimu ni ubavu mrefu wa tairi. Gurudumu zima, kuanzia ardhini hadi juu, linatakiwa libaki karibu na kimo chake cha awali, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu hununua tairi kwa kutaja namba ya rimu peke yake.

Chukua tairi la 205/60R16, linalopatikana kwenye Noah za toleo la Si. Namba 205 ni upana kwa milimita, 60 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wake ni milimita 123, na gurudumu zima lina kipenyo cha takriban milimita 652. Noah za kawaida hutumia 195/65R15, tairi linalopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu zaidi. Kipenyo chake ni takriban milimita 634 na nusu. Mwenye Si akihamia huko, ubavu unaongezeka kwa milimita 4 tu, huku gari likishuka karibu milimita 9. Mahali ambapo sampo ya injini hupita juu ya mawe kila siku, milimita 9 si jambo dogo. Tairi la 205/65R15 linafaa zaidi: ubavu wake ni milimita 133, na kimo cha gari kinapungua kwa milimita 2 na nusu tu.

Alphard ya kizazi cha pili inaonyesha faida kwa uwazi zaidi. Toleo lenye 235/50R18 lina ubavu wa milimita 117 na nusu. Matoleo ya chini ya gari hilohilo hutumia 215/65R16, ambalo ubavu wake unakaribia milimita 140, na tofauti ya kipenyo kati ya magurudumu hayo mawili haifiki asilimia 1. Familia inapata mto wa upepo mnene kwa milimita 22 zaidi, na kimo cha gari hakibadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Mafundi wengi duniani huchukulia asilimia 3 kuwa mwisho wa tofauti ya kipenyo inayovumilika. Gurudumu likipungua, spidomita husoma zaidi ya mwendo halisi na kilomita huhesabiwa kupita zilizosafiriwa, hivyo gari huonekana linakula mafuta kidogo kuliko kweli. Kwa upande mwingine, injini hupata wepesi kidogo wa kupanda mlima.

Namba inayofuata baada ya kipimo huonyesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 91 ni kilo 615, 92 ni kilo 630, 94 ni kilo 670, 97 ni kilo 730 na 98 ni kilo 750. Gari la watu wanane linalokwenda Magu au Sengerema likiwa na mizigo ya sikukuu halipaswi kushuka chini ya namba ya kiwandani. Hii ni sababu nyingine ya kuichagua 205/65R15 yenye 94 kwa Noah ya Si.

Rimu na gari kukubaliana

Noah na Alphard zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati la milimita 60.1. Vitz ina nati nne kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo rimu zake haziingii huko hata zikiwa za inchi 15. Breki huweka mpaka mwingine: rimu ndogo inaweza kugusa kalipa. Kuwepo kwa toleo la gari hilohilo lenye rimu ndogo ni ishara njema, lakini kipimo cha uhakika ni kufunga rimu moja tupu mbele, kuizungusha kwa mkono, kisha kukata usukani hadi mwisho pande zote mbili.

Nati husahaulika mno. Rimu nyingi za aloi za asili za Toyota hukazwa kwa nati zenye washa bapa, ilhali rimu za chuma zinahitaji nati zenye mdomo wa koni. Ukizitumia zile za washa kwenye rimu ya chuma, gurudumu halikai katikati na nati hulegea. Kipimo cha kukaza kwa magari mengi madogo ya Toyota ni Nm 103, na nati zinapaswa kukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Baada ya kufunga

Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva imeandikwa Kijapani, lakini namba zake husomeka na yeyote. Upepo umeandikwa kwa kPa, wakati wajaza upepo wa mitaani hutumia PSI: kPa 240 ni karibu PSI 35. Kama karatasi hiyo inataja pia kipimo cha tairi ulichohamia, fuata upepo wa kipimo hicho. Baada ya hapo magurudumu yabalansiwe na alaimenti ipimwe, hasa kama rimu za zamani zilipinda kwa kugonga mashimo.

Spea nayo ihesabiwe. Ile nyembamba ya muda inayokuja na baadhi ya magari hujazwa PSI 60 na haipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa Noah inayovuta magurudumu yote manne, kuchanganya vipenyo mbele na nyuma huumiza difu.

Baadhi ya wenye magari huweka spesa juu ya springi ili kuinua gari badala ya kugusa rimu. Spesa huokoa bampa na sampo kwenye kivuko cha Kisorya na Rugezi kuelekea Ukerewe, ambako gari hupanda na kushuka kwa pembe kali, lakini hazililindi tairi wala rimu dhidi ya jiwe, na zikizidi hubadilisha pembe za magurudumu na kuwalazimisha watu kununua bushi mapema.

Ubavu mrefu una gharama yake. Gari huinama zaidi kwenye kona, na usukani huitika kwa kuchelewa kidogo. Anayeishi kando ya lami na kusafiri zaidi kwenda Geita kupitia Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 na kuchukua nafasi ya kivuko cha Kigongo na Busisi, anaweza kubaki na inchi 17 bila hasara kubwa. Anayelala Isamilo juu au Buswelu ndani hana sababu ya kubaki nazo.

Matairi yaliyotumika huuzwa pamoja na rimu, yakiwa yameoshwa na kung'arishwa. Tarehe yake ya kutengenezwa iko ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata tairi likiwa limekaa stoo, na nyufa ndogo kwenye mizizi ya kashata zake zinatosha kulikataa, hata kama kina cha kashata bado ni kizuri.